Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tabia ndogo za kila siku za kukaa vizuri na watu

Mimi ni fundi cherehani, Mwananyamala, Dar es Salaam. Ofisi yangu ni chumba kimoja cha mbele chenye cherehani nne, na tangu 2009 nimefundisha kazi vijana wengi, wa kike na wa kiume. Kushona wanajua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Wakishafungua ofisi zao, kinachowatoa jasho ni watu: wateja, wenzao wa kazi, ndugu wanaokopa, wakubwa wasioambilika. Hapo ndipo simu zinapoanza kuingia. Maswali yaliyo hapa ni yale wanayoniuliza zaidi, pamoja na mengine ya wateja waliokaa kwenye benchi wakisubiri nguo zipigwe pasi.

Nikichagua tabia moja tu ya kuanza nayo, iwe ipi?

Mwambie mtu kabla hajaja kukuuliza. Kazi imechelewa, hela haijapatikana, hutafika kwenye kikao: alisikie kwako, mapema, akiwa bado ana nafasi ya kupanga jambo lingine.

Hili nililipata kwa gharama. Mwaka 2013 nilipokea kazi ya sendofu, magauni sita, ya kuchukuliwa Ijumaa. Jumatano umeme ukakatika kutwa nzima, ukarudi Alhamisi saa moja usiku. Tangu Jumatano jioni nilijua magauni mawili hayatawahi, lakini sikumpigia mteja. Nilijipa moyo kwamba nitakesha. Ijumaa saa nane mchana akaja na bajaji, shangazi yake kabaki ndani injini ikinguruma, akakuta gauni la mama wa binti halijatiwa mikono. Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi, akalishika lile gauni mapajani, akaniuliza, "Fundi, ulijua lini?" Nikanyamaza. Akarudia, "Nakuuliza, ulijua lini?"

Zile siku mbili ndizo zilizomuuma. Angejua Jumatano, angeshuka Kariakoo Alhamisi akamnunulia mama yake gauni la dukani, na sherehe ingekwenda. Hajarudi kwangu mpaka leo. Swali lake nimelifanya sheria ya ofisi: siku uliyojua ndiyo siku ya kusema. Naamini kabisa kwamba ugomvi mwingi kati yetu hautoki kwenye maneno makali. Unatoka kwenye zile siku ambazo mmoja alikuwa anajua na mwingine hajui.

Naogopa kupiga simu ya habari mbaya. Naanzaje?

Salimia kama kawaida, kisha ingia kwenye jambo. Sema kilichotokea, sema siku mpya, halafu mwachie mwenzako uamuzi. Mimi husema hivi: "Shikamoo mama, mimi fundi wako. Nimekupigia kuhusu gauni la Ijumaa. Umeme umekatika tangu asubuhi, halitawahi. Litakuwa tayari Jumapili saa nne asubuhi. Kama Jumapili kwako ni kuchelewa, njoo uchukue kitambaa chako na hela yako ya advansi, sitakuwa na kinyongo." Ukishasema hayo, nyamaza. Atafoka dakika moja, mbili. Usimkatize kwa kujitetea, kwa sababu habari ya umeme umeshaitaja na ameisikia.

Na usitaje siku usiyo na hakika nayo. "Njoo kesho" imetuharibia jina mafundi wote, wa nguo, wa magari, wa kuchomelea mageti. Unahesabu kwamba itaisha Jumamosi? Sema Jumapili.

Kuhusu hofu, haiishi. Mimi moyo bado unanidunda nikiitafuta namba ya mteja. Ila nimeona kwamba simu ya Jumatano inachukua dakika tatu, na ile ya Ijumaa inachukua mteja mzima.

Kwa nini nisitume meseji tu?

Meseji ni ya habari nyepesi: "nguo iko tayari, tunafunga saa moja usiku." Habari nzito ipige simu, maana mwenzako anahitaji kusikia sauti yako ndipo ajue kama umejali. Asipopokea mara mbili, hapo andika, na umwambie utapiga tena saa ngapi. Halafu upige kweli.

Ni kweli tabia mpya huzoeleka kwa siku 21?

Hapana, na hesabu hiyo imewavunja moyo watu wengi waliofika siku ya 22 wakajiona bado wanajilazimisha. Ilianza na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Watu wakaibeba, wakaliacha lile neno "angalau", wakaipachika kwenye kila tabia.

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 waliojaribu kufanya jambo moja jipya kila siku. Matokeo yalitoka 2009. Kwa wastani jambo lilianza kufanyika bila kujisukuma baada ya siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno: wapo wa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Kunywa maji ni kwepesi, mazoezi ni kazi. Nilichokipenda zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukisahau leo, kesho endelea ulipoishia, usiyaanze mahesabu upya.

Mimi tatizo ni kusahau. Nia ninayo.

Nia peke yake inapotea saa kumi jioni, watoto wakishaanza kulia njaa. Ifunge tabia mpya kwenye jambo ambalo hulisahau hata ukiumwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza hili kwa miaka mingi, na mpango wake ni wa sentensi moja: likitokea hili, nitafanya lile. Kwetu ofisini ni hivi: nikishaifunika cherehani kitambaa chake, kabla sijashika pochi, nafungua daftari la oda na kuwapigia wa kesho na keshokutwa. Hakuna anayesahau kufunika cherehani. Nyumbani yangu ni nyingine: nikivua viatu mlangoni, namuuliza kila mtoto jambo moja la siku yake kabla sijaiangalia simu.

Chagua yako, lakini itaje kwa mahali na wakati. "Nitakuwa napiga simu zaidi" haina mlango wa kuingilia.

Salamu zetu ni ndefu. Kwenye kazi si zinapoteza muda?

Zinachukua muda, ndiyo, na muda huo unafanya kazi. Mtu akikujibu "nzuri" kwa sauti ya chini, umeshajua leo si siku ya kumwambia bei imepanda. "Za nyumbani?" akaijibu kwa kusitasita, huenda kuna mgonjwa. Ukiruka salamu, unamwendea mtu gizani.

Ninachowafundisha vijana ni kusubiri jibu. Wengi humwaga "mambo, vipi, za leo, eti ile hela" kwa pumzi moja, bila kumpa mtu nafasi ya kusema hata salama. Uliza moja, mtazame, sikia jibu, uliza la pili. Nusu dakika haizidi.

Na shikamoo msiiache. Wazee husema asili yake ni kumwambia mtu "nashika miguu yako". Mama wa miaka 70 akiingia ofisini akakuta kijana anamwambia "karibu" huku macho yako kwenye simu, kitambaa chake hatakitoa kwenye mfuko, na hatasema kwa nini. Kama umri huujui, toa shikamoo. Dada wa miaka 30 atacheka, atakwambia "aa, mimi mdogo bwana," na hapo mazungumzo yameshaanza vizuri.

Nasikiliza vizuri, lakini watu wanasema sisikilizi. Kasoro iko wapi?

Huenda unasikia maneno huku unatayarisha jibu. Wote tunafanya hivyo. Watafiti wa taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi, waliupima muda kati ya swali na jibu katika lugha kumi za pembe mbalimbali za dunia, wakatoa matokeo 2009: pengo la kawaida ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Muda huo hautoshi kufikiri. Maana yake jibu tumeshaanza kulipika mwenzetu akiwa bado anaongea.

Dawa ninayoijua nimeipata kwenye kupima nguo. Mteja anasema, "Fundi, isinibane." Zamani nilikuwa naandika "huru" na kuongeza inchi mbili kila mahali, halafu nguo inarudi. "Isinibane" ya binti wa chuo ni kwamba apande daladala bila shida. Ya mama aliyejifungua juzi ni kwamba tumbo lisionekane, kifua kipate ziwa kwa urahisi. Siku hizi naishika nguo pale ninapopataja, naurudia usemi wake kwa maneno yangu: "Yaani unataka nafasi hapa kiunoni, juu pabaki palivyo?" Mara nyingi ananishika mkono, anausogeza: "Hapana, hapa." Hiyo "hapana, hapa" imeniokolea mita nyingi za vitambaa vya watu.

Fanya hivyohivyo nyumbani. Mkeo akisema "umekuwa mgeni humu ndani", usikimbilie kuorodhesha kazi ulizonazo. Mwambie ulivyomwelewa: "Unasema narudi nimechelewa, au nikirudi sikai na nyinyi?" Muulize kwa kutaka kujua kweli, maana swali la mtego linatambulika. Atakusogeza mkono mpaka panapouma.

Nimekosea. Niseme pole au samahani?

Swali hili nimelipa nafasi kubwa kwa sababu tunakosea hapa kila siku.

Pole ni ya kumhurumia mtu kwa yaliyomkuta. Tunampa pole mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa njiani bila sisi kumsukuma, hata aliyetoka kazini. Sasa umemmwagia mtu chai kwenye kanzu, unamwambia "pole": umejiweka miongoni mwa watazamaji. Pole mpe, lakini samahani itangulie. "Samahani, nimekuchafua. Pole sana. Niletee kanzu niifue."

Kuna pia "samahani kama nimekukwaza". Hilo "kama" linamrudishia mwenzako kazi ya kuthibitisha kuwa ameumia. Kama unajua ulichofanya, kitaje: "Nilikusema mbele ya wageni. Nimekosea."

Na kuna "tusameheane". Neno zuri, tunaliambiana kabla ya mfungo na kabla ya safari ndefu, wote tukijua kwamba binadamu hakosi kumkosea mwenzake. Lakini kama aliyekosa ni wewe peke yako, "tusameheane" inamgawia mwenzako nusu ya kosa ambalo hakulifanya. Vivyo hivyo "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Methali hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyekosewa. Yeye ndiye mwenye haki ya kusema yamepita.

Ukishaomba radhi, usimdai msamaha papo hapo. Wengine huchukua wiki.

Nashindwa kusema hapana. Nikikataa naonekana nina roho mbaya.

Kwetu hapana ni neno zito, kwa hiyo tumejitengenezea njia za kulikwepa: "nitaangalia", "tutaona", "nipigie mwisho wa mwezi", na hata "Inshallah". Hili la mwisho linaniuma. Inshallah ni neno la imani, linasemwa na mtu aliyedhamiria kufanya jambo huku akijua uwezo ni wa Mungu. Kulitumia kufunika hapana ni kulivunjia heshima, na kwa bahati mbaya watu wameshazoea kulisikia hivyo.

Hapana ya mapema ni hisani. Ndugu aliyekuomba laki moja, ukimwambia leo kwamba huna, kesho anabisha hodi kwingine. Ukimwambia "nitaangalia", anakusubiri wewe, na ada ya mtoto haisubiri. Sema, "Kaka, laki moja sina na mwezi huu sitaipata. Elfu kumi ninayo, ukiitaka nakutumia sasa hivi." Na kama hata hiyo huna, ishia kwenye sentensi ya kwanza. Maelezo yakizidi, yananuka uongo hata yakiwa ya kweli.

Nadai ndugu hela yangu. Nawezaje kuikumbusha bila kuvunja undugu?

Kazi kubwa ni siku ya kukopesha. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, ulizaneni: "Tuseme utairudisha lini?" Mkishaitaja tarehe, siku ya kukumbusha unaitaja tarehe tu, tabia yake huigusi. "Mjomba shikamoo. Tuliongea kuhusu tarehe 15. Imekaaje?" Mpigie muongee wewe na yeye tu, pasiwe na mke wake pembeni wala grupu la familia. Akisema hana, omba tarehe nyingine na kiasi, hata kama ni robo.

Kwa upande wa pili, wewe unayedaiwa: dawa ya deni ni kulipa, na ukikosa cha kulipa dawa ni kusema. Mtu anayepiga kabla ya tarehe 15 akasema "sijaipata, nipe mpaka 30" anakopesheka tena. Anayezima simu tarehe 14 amejifungia mlango mwenyewe.

Naweza kufikisha ujumbe kwa kuweka statasi?

Watu wa pwani tuna historia ndefu ya kusemana kwa mafumbo. Kanga ina jina lake chini ya mji, na mama akitaka kumwambia jirani jambo, huivaa kanga yenye maneno hayo akapita mlangoni kwake. Mimi nazipenda kanga, nauza na kuzikunja pindo, na naiheshimu sanaa hiyo. Lakini yule jirani alikuwa mmoja, na aliyaelewa. Statasi inasomwa na watu mia mbili, wanne wanajihisi wao ndio wanaosemwa, na mlengwa hajafungua simu. Nimeona mawifi wawili wasiogombana hata siku moja wakaacha kusalimiana kwa kijembe kilichokuwa cha mtu wa tatu. Kama lina jina la mtu, lipeleke kwa mtu.

Ameona meseji yangu, tiki za bluu zipo, hajajibu. Amenidharau?

Tiki za bluu zilikuja 2014, na tangu hapo tumekuwa tukizisoma kama barua. Zinasema jambo moja tu: meseji imefunguliwa. Labda alifungua akiwa kwenye daladala amesimama. Mpe siku moja, kisha uliza upya bila lawama. Wewe ukiwa ndiye uliyefungua na huna jibu, andika "nimeiona, nitakujibu jioni". Ni maneno matatu.

Sauti za WhatsApp zisizidi dakika moja, tafadhali, na kiini kitangulie. Mtu akiwa msibani hawezi kusikiliza dakika sita ili ajue unaulizia ngazi.

Mkubwa wangu amekosea. Nimwambie?

Ndiyo, lakini si mbele ya watu, na umpe njia ya kutokea. "Mzee, naomba unieleweshe hapa, naona kama vipimo viwili vimegongana" inamwezesha aangalie mwenyewe na aseme "aah, kweli." Ikishindikana, mtafute mtu wa kati anayemheshimu. Mshenga hakuwekwa kwa ajili ya posa peke yake.

Nimkosoeje ninayemfundisha kazi?

Onyesha mshono, mtu muache. "Hapa uzi umelegea, fumua kuanzia kwenye chaki" anakielewa na anaweza kukifanya. "Wewe mzembe" hawezi kukifumua. Na uwe karibu yake wakati anafumua, ushike ncha ya pili ya kitambaa.

Kuandika daftari jioni kuna faida?

Kwangu ipo. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1986 alitoa utafiti ambao wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo mazito yaliyowapata. Miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Mimi siandiki mengi. Chini ya oda za siku naweka mistari miwili: nani nimemkwaza leo, na nani anasubiri neno langu. Huo wa pili ndio unaonifanya nipige simu asubuhi.

Nimebadilika, lakini watu wananijibu vibaya vilevile. Niendelee?

Wapo watakaokufokea hata ukiwahi kusema, na wapo watakaouona uungwana wako kama mwanya. Hao wa pili unaruhusiwa kuwapunguzia nafasi: usiwakopeshe tena, usiwapokelee kazi bila malipo yote. Kusema kweli mapema hakukulazimishi kuwa jamvi la watu.

Mwanafunzi wangu mmoja amefungua ofisi Tegeta. Mwezi uliopita alinipigia jioni, sauti imekauka. Oda ilikuwa imemzidi, akampigia mteja siku tatu kabla, mteja akaja mbio, akafoka mpaka wapita njia wakasimama, akachukua kitambaa chake na hela yake akaondoka. Nikamuuliza, "Alikuuliza ulijua lini?"

Akafikiri kidogo. "Hapana, mama. Hilo hakuuliza."